Begi la Safari na Kikombe cha Pili

Masomo: Matendo 27:13–44 na 28:1–10, Marko 6:7–13, Luka 22:35–36, 2 Timotheo 4:9–21



Meli aliyopandishwa Paulo kwenda Roma ilikuwa na watu 276. Luka hakisii hesabu hiyo, kwa sababu naye alikuwa humo ndani. Ilikuwa meli ya Iskanderia, na ilikuwa imebeba ngano. Dhoruba yenyewe tumeihubiri hapa mara nyingi, hata watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kuisimulia. Leo naomba tuiache dhoruba kidogo, tuangalie mizigo.

Upepo ulipowazidi, kesho yake walianza kutupa shehena. Siku ya tatu wakatupa vifaa vya meli, tena kwa mikono yao wenyewe. Zikapita siku nyingi bila jua wala nyota. Usiku wa 14 ukafika, na kulipokuwa karibu kucha, Paulo, mfungwa yule, ndiye aliyewahimiza watu wale chakula. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula yeye kwanza. Wote wakapata moyo wakala. Walipokwisha kushiba, ngano iliyobaki nayo wakaimwaga baharini.

Mara tatu wanatupa! Na kila mara wanatupa kitu ambacho bandarini mtu angeapa ni cha lazima. Ungemwambia mwenye meli kule mwanzo kwamba ngano ni ziada, angekushusha. Kwake yeye ngano ndiyo safari. Lakini asubuhi ile walifika ufuoni wengine kwa kuogelea, wengine kwa kushikilia mbao na vipande vya meli. Hakuna aliyefika na begi. Wote 276 walifika.

Sasa kwa nini nazungumzia mizigo? Kwa sababu wiki tatu hizi kanisa hili linafungasha. Mkinisikiliza vizuri mtaona sijatoka kwenye Neno.

Kwa wale wanaosoma jarida hili nyumbani na hawakuwepo tangazo likitolewa: mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, tunakwenda Pwani. Tutapanda treni ya Madaraka pale Kibwezi, ile ya mchana inayosimama vituoni, tushuke Miritini. Tutalala Mombasa kwa ndugu zetu katika Kristo. Kesho yake alfajiri tutavuka Likoni kwa feri hadi Shimoni, kule Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, na hapo tutapanda jahazi kwenda Kisite na kisiwa cha Wasini. Siku nzima baharini. Wengi wetu hatujawahi kupanda chombo chochote cha majini. Sisi ni watu wa nchi kavu. Maji mengi tunayoyajua ni haya ya chemchemi yetu hapa Kiboko, na hayo nayo hatuyaabiri, tunayateka.

Basi kamati iliandika vitu sita vya kubeba, ikaviweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Mpendwa mmoja akaongeza miwani ya jua. Mwingine kofia pana. Mwingine mafuta ya kujikinga na jua, mwingine pawabenki, mwingine mfuko wa kuvalisha simu isilowe. Taulo la ufuoni, tofauti na taulo la kuogea. Viatu vya kuingilia majini. Mto wa shingo wa kulalia kwenye treni, na kutoka Kibwezi mpaka Miritini hata usingizi haujakolea! Nguo mbili za kupigia picha, za rangi zinazofanana. Sanduku la magurudumu. Kufikia Alhamisi orodha ilikuwa na vitu 43. Nilihesabu.

Sina neno na aliyeongeza chochote. Ni furaha ya safari, na furaha ni tunda la Roho. Lakini katika vitu 43 sikuona dawa. Sikuona kitambulisho. Na Jumatano baada ya maombi alinijia mama mmoja wa kanisa hili, akaniomba jina lake litolewe kwenye daftari. Nikamwuliza, mama, ni nauli? Akasema hapana, Pasta, nauli nilimaliza. Nauli alikuwa ameilipa pole pole, kupitia chama, tangu mwezi wa tano. Ni shamba, wakati wa kupalilia? Hapana, dada yake angepalilia. Akakaa kimya, kisha akasema, "Pasta, mimi sina sanduku."

Nimekaa na neno hilo siku nne. Mtu ana nauli, ana afya, ana ruhusa ya nyumbani, na maisha yake yote hajaona bahari. Kinachomtoa safarini ni ziada. Na hayuko peke yake. Katibu ameniambia majina matatu yametolewa wiki hiyo hiyo. Sijauliza wale wawili sababu. Nadhani naijua.

Twendeni Marko sura ya sita.

Yesu anawatuma wale Thenashara wawili wawili, na kabla hawajaondoka anawapa orodha. Fimbo, basi. Mkate, hapana. Mkoba, hapana. Fedha kwenye mshipi, hapana. Wavae viatu, wasivae kanzu mbili. Hiyo ndiyo orodha nzima. Na hapa niwaambie jambo ambalo sisi Wakamba tunapaswa kulijua. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wake mchanga pale Pwani. Miaka michache baadaye Injili ya Marko ilitiwa katika Kikamba, ikapigwa chapa Ujerumani mwaka wa 1850. Katika vitabu vyote vya Biblia, kilichotangulia kuchapwa kwa lugha yetu ni hiki chenye orodha fupi ya mizigo ya msafiri!

Kwa nini Bwana aliwanyima mkoba? Wengi husema ni ili wamtegemee Mungu, na ni kweli, lakini angalia aya inayofuata: mkiingia katika nyumba, kaeni humo. Walikuwa wanakwenda kwa wenyeji. Mgeni anayefika na chakula chake, godoro lake na maji yake ya kuoga, amemwambia mwenyeji nini? Amemwambia sikutarajii. Huku kwetu ukifika kwa mtu ukafungua chakula chako mezani pake, hiyo habari itafika Makindu kabla yako.

Lakini msikimbilie kufuta kila kitu, kwa sababu Luka 22 inageuza mambo. Usiku ule kabla ya kukamatwa, Yesu anawauliza: nilipowatuma bila mfuko wala mkoba wala viatu, mlipungukiwa na kitu? Wanajibu, la. Kisha anawaambia, sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba vivyo hivyo. Bwana ni yule yule na watu ni wale wale, na orodha imebadilika. Kwa sababu gani? Safari imebadilika. Kule mwanzo walikuwa wanapokelewa. Sasa wanakwenda mahali ambapo Bwana wao anahesabiwa pamoja na wahalifu, na milango mingi itafungwa.

Kwa hiyo ukiniuliza, "Pasta, orodha sahihi ya safari ni ipi?" nitakujibu hata Yesu hakuwa na moja. Uliza kwanza: huko niendako nani ananipokea, na ana nini tayari? Halafu uliza ni kitu gani ambacho hakuna mtu anayeweza kunipa nikikikosa. Na swali la tatu ndilo ambalo ile orodha ya 43 haikuligusa: nani atakaa karibu nami?

Nianze na chombo. Jahazi lina nahodha, na nahodha lazima awe na majaketi ya kuokoa maisha ya kutosha watu wote. Hilo huhitaji kununua. Unachohitaji ni kulivaa na kulifunga, hata kama jua ni kali, hata kama linaharibu picha. Wanaume wa Kiboko nawajua. Utasikia ati mimi najua kuogelea. Umeogelea wapi? Asiye na jaketi mwilini, jahazi halitoki, hilo nimeliweka wazi kwa kamati. Chakula cha mchana kitapikwa Wasini na wenyeji, kwa hiyo asibebe mtu sufuria. Na kitanda, narudia, tunalala kwa watu.

Sasa kile kisichoweza kukopwa. Mnawakumbuka wanawali kumi wa Mathayo 25. Kwa miaka mingi nimesikia watu wakiwalaumu wale watano wenye busara kwamba walikuwa wachoyo. Hawakuwa wachoyo. Kuna mafuta hayagawanyiki. Wangegawa, taa zote kumi zingezimika njiani na bwana arusi angepita gizani. Katika safari yetu mafuta hayo ni dawa yako ya presha. Ni dawa ya sukari, ni kipuliza cha mwenye pumu, ni miwani ya kusomea, ni kitambulisho chako. Wazee wangu, nawaheshimu sana, lakini nimewaona mkipeana vidonge vya presha kama peremende: "Hebu nipe kimoja, changu nimesahau." Dawa ya jirani ni ya jirani! Beba yako ya siku zote za safari na ya siku mbili zaidi, kwa sababu njia ya Mombasa ina mambo yake. Ibebe mkononi, isiwe kwenye mzigo utakaofungwa chini ya vingine. Na wale ambao matatu ikipita Emali tu mnatafuta dirisha, mwulizeni daktari au mfamasia dawa ya kuzuia kutapika kabla hatujatoka, na mkae katikati ya chombo mkitazama mbali, si sakafuni.

Maji ndiyo nataka tukae nayo kidogo.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi Ukambani. Alisafiri na Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kitui ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika mpaka Pwani. Wakielekea Mto Tana walivamiwa njiani. Kivoi aliuawa, watu wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake porini, nchi hii hii mnayoijua, na kiu. Alipoufikia mto alikunywa. Lakini safari ya kurudi ilikuwa ndefu na hakuwa na kibuyu wala chupa. Alikuwa na darubini na bunduki. Basi akachukua ala ya ngozi ya ile darubini akaijaza maji, na mitutu ya bunduki akaijaza maji, akaiziba kwa nyasi, akatembea hivyo, usiku akienda, mchana akijificha.

Fikirini jambo hilo. Darubini ni ya kuonea mbali na bunduki ni ya kujilinda, vitu vya gharama. Siku ya kiu vyote viwili vikageuka kuwa kibuyu, na vilikuwa kibuyu kibaya! Mama yeyote wa Kitui wa wakati ule angekuwa na kibuyu halisi mgongoni, asihangaike na nyasi.

Wapendwa, na hapa nawaletea habari njema kwa wale mnaoona haya na vyombo vyenu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, serikali yetu ilikataza plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, na Kisite ni hifadhi ya bahari. Zile chupa za maji za dukani, tunazonunua katoni nzima na kujiona tumejiandaa, hazitakiwi kule. Vikombe vya kutupa, sahani za kutupa, mirija, hali kadhalika. Na mifuko ya plastiki ya kubebea mnakumbuka ilipigwa marufuku nchi nzima Agosti 2017. Lakini kibuyu kinaruhusiwa. Mtungi mdogo wa nyumbani wenye kifuniko unaruhusiwa. Kiondo cha mkonge kinaruhusiwa. Yaani mama mwenye kibuyu na kiondo yuko tayari kwa safari kuliko kijana mwenye katoni ya maji na sanduku la magurudumu. Mwambie jirani yako, "Toa kibuyu!" Naona wengine mnacheka, lakini nasema kweli.

Tena maji ya ziada yana sababu nyingine. Watu wa Wasini kwa miaka mingi wameishi kwa maji ya mvua, kama sisi. Wana bahari pande zote na hawawezi kuinywa. Mtu wa Makueni anajua maana ya mgeni anayemaliza maji ya mtungi. Tukifika watu 40 tukiwa na kiu yetu bila maji yetu, tumewaletea mzigo. Hapo utaona kwamba kibuyu ulichobeba si chako tu, ni heshima kwa mwenyeji.

Na leso. Kwenye orodha ya 43 leso haikuwemo, pengine kwa sababu kila mtu anayo na haipendezi kuorodhesha kitu ambacho kila mtu anacho. Leso ni taulo, ni shuka, ni kofia jua likiwaka, ni mbeleko, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kifungio cha mzigo. Na Wasini ni kisiwa cha Waislamu, watu wa staha. Ukishuka kwenye jahazi na nguo zimelowa, jifunge leso kabla hujaingia kijijini. Wanawake wa kule wana njia yao ya mbao inayopita juu ya miamba ya matumbawe, wanaitunza wenyewe kwa kikundi, na wageni hulipa kiingilio kidogo. Wamama wetu wa chama, nataka mkaone kazi hiyo. Bebeni hela ya kiingilio, na hela ya kununua kitu kwa mikono yao. Hiyo ni ziada nzuri.

Maembe bebeni, ni msimu na Makueni ndiyo nyumbani kwa maembe. Kisu kiacheni nyumbani. Kituoni mizigo inakaguliwa, na kisu chako utakiacha hapo hapo mlangoni.

Ngoja sasa niwaeleze nilichokiona Taru.

Novemba 2015 mnaikumbuka. Mvua ilinyesha, njia ikawa tope pale Taru, malori yakakwama, na foleni ikawa ya siku, si ya saa. Nilikuwa kwenye basi natoka Mombasa. Usiku wa kwanza watu walikuwa wachangamfu, kila mtu na biskuti zake. Asubuhi hakuna aliyekuwa akiongea. Kiti cha mbele yangu alikaa mama wa makamo, msafiri wa peke yake, na begi moja la kawaida miguuni. Akatoa chupa ya chai. Halafu akatoa kikombe cha bati, akajimiminia. Halafu akatoa kikombe cha pili.

Nilidhani labda ana mwenzake amekaa nyuma. Hapana. Alikijaza robo, akampa mtoto wa kiti cha pembeni, mtoto wa mtu asiyemjua. Mtoto alipomaliza akakifuta na kitambaa, akampa mzee mmoja. Kikombe hicho cha pili kilizunguka basi lile mpaka chupa ikaisha. Baada ya hapo kikaendelea kuzunguka bila chai: mtu alikuwa na maji, mwingine alikuwa na uji, kijana mmoja alikuwa na maziwa aliyokuwa akiyapeleka mahali na sasa hayangefika. Wote walikuwa navyo tangu jana. Kilichokuwa kinakosekana ni kikombe cha kuanzisha.

Tulipoanza kusogea nilimwuliza, mama, unasafiri peke yako na vikombe viwili? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema, "Kwani nitakunywa nikitazamwa?"

Mimi ni mhubiri, nimesoma vitabu, lakini kuhusu ziada ya kubeba safarini sijasikia mahubiri mafupi na kamili kuliko hayo. Yule mama hakuwa na vitu vingi. Begi lake lilikuwa dogo kuliko langu. Lakini alipolifunga nyumbani kwake, alifikiria mtu ambaye bado hajamwona.

Rudini kwenye meli ya Paulo. Paulo alikuwa na nini? Mfungwa hana shehena. Lakini siku ya 14 ni yeye aliyeshika mkate mbele ya watu, akashukuru kwa sauti, akala ili wengine waweze kula. Na walipofika Melita wakiwa wamelowa, na mvua inanyesha na baridi, anafanya nini? Anaokota kuni. Mtume! Anakusanya mzigo wa kuni autie motoni. Halafu mwisho wa ile miezi mitatu, watu wa kisiwa kile ndio waliowapakilia vitu walivyohitaji. Walipoteza meli na ngano yote, na wakaondoka na vya kuwatosha. Mtu ambaye mikono yake ni mitupu ana nafasi ya kupokea, na ana nafasi ya kuokota kuni.

Lakini nisiwaache mkidhani mtu wa kiroho hahitaji kitu. Paulo huyo huyo, mzee sasa, gerezani, anajua mwisho wake umekaribia, anamwandikia Timotheo. Angeweza kuomba chochote. Anaomba joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na aya chache mbele anasema, fanya bidii uje kabla ya majira ya baridi. Hapo ndipo joho linaeleweka! Mtume aliyeona ufunuo anahisi baridi kama wewe na mimi. Hakuona haya kuliandika, na Roho Mtakatifu hakulifuta. Kwa hiyo kijana aliyeandika sweta kwenye ile orodha, asichekwe. Jahazini asubuhi na mapema upepo hupiga, na nguo ikilowa jua lenyewe halikusaidii mara moja. Sweta moja, ndiyo.

Na pia anasema, mlete Marko uje naye. Katika orodha ya mizigo ya Paulo yumo mtu. Marko ambaye zamani aliwaacha safarini kule Pamfilia, na Paulo akamkataa safari ya pili mpaka yeye na Barnaba wakaachana. Sasa Paulo anasema ananifaa. Joho, vitabu, na Marko. Ninyi mmeandika vitu 43 na mkapoteza watu watatu. Nawauliza kwa upendo, na simsemi mtu yeyote kwa jina: sanduku la magurudumu lingekaa karibu nawe kwenye treni likuambie habari za ujana wake? Lingekushika mkono jahazi likiyumba?

Basi nimezungumza na kamati jana, na wazee wamekubali. Ile orodha imefutwa kwenye kikundi, na asiiandike tena mtu. Kila msafiri atabeba begi moja, au kiondo, au fundo la leso, la ukubwa ambao anaweza kulibeba mwenyewe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili tunauhitaji. Ukiingia kwenye jahazi utashika kamba au utashikwa na mtu, na mwenye mizigo mikono yote miwili ataanguka, kisha tuanze kuombea goti badala ya kuomba ulinzi.

Tutakwenda wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma. Katibu atapanga, si ninyi, kwa sababu mkijipanga wenyewe vijana watakaa na vijana. Kila wawili watabeba chombo kimoja cha maji na watajuana dawa zao: wewe unajua mwenzako anameza nini na saa ngapi, naye anajua zako. Wenye mafuta ya jua na pawabenki, zileteni, zitumike na wote. Sanduku dogo la huduma ya kwanza litabebwa na muuguzi wetu. Na kila mtu, narudia kila mtu, alete vikombe viwili vya bati au vya plastiki ngumu, si vya kutupa.

Daftari la majina limefunguliwa tena mpaka Jumatano jioni. Waliotolewa majina hawalipi kitu kingine, nafasi zao zipo na nauli yao ipo. Yule mama nimeshamtembelea nyumbani pamoja na mke wangu; tulinywa chai, tukaomba, na jina lake nililirudisha mimi mwenyewe, naye alikuwa ametuonyesha kiondo chake. Ni kikubwa. Kitabeba maembe ya watu wanane.

Na wewe ambaye ulishanunua sanduku la magurudumu, usione haya wala usilifiche. Lilete. Mahali fulani lazima vikombe 80 vikae.